Kiingilio Misumari Kumi

Kiingilio misumari kumi, au kordoba ishirini.
Mjane bure. Mwenye miguu isiyotembea, nusu:
hilo la mwisho ni utani wa Norvin mwenyewe,
akaniamuru niliandike kibaoni, nikaliandika.

Nilikaa getini na ndoo mbili.
Geti ni kusema tu, nguzo mbili zilizogoma kuanguka
kimbunga kilipouchambua mji kama mchele,
mabati huku, kuku kule,
na kengele ya Moraviani tukaikuta mtoni
imeshiba matope.

Mwalimu Leokadia alileta misumari tisa
na sindano ya kushonea magunia.
Nikamhesabia kumi.

Kituo cha kwanza, mto wa zahanati.
Cha pili, gunia la mchanga.
Cha tatu, kiatu, na mwenyewe hakujitokeza.
Na nyumbani, pale mchezo huu unapomtaka mtu arudi
ndipo aandikiwe alama,
palikuwa mlango wa choo cha shule, umelazwa chali,
komeo lake bado linacheza.

Wauguzi na walimu huku, wapasua mbao kule.
Mipira mitatu. Wa kwanza ulifumuka.
Wa pili ulimezwa na kinamasi, mbwa akaufuata,
mbwa akarudi peke yake.
Raundi ya saba, sita kwa sita, mpira mmoja,
akaitwa Norvin.

Zamani alizamia kambakoche
mpaka siku alipopanda juu upesi kuliko damu yake,
miguu ikabaki chini.
Wakamweka kwenye kiti cha plastiki cha kanisani.
Nyuma yake Eklan, miaka kumi na mmoja,
ameinama, miguu ya kuazimwa, anangoja sauti.

Ta!

Mpira ukapaa juu ya mnazi uliovunjika shingo
ukashuka ndani kwa Bibi Orfelina
bila kubisha hodi.
Eklan akakanyaga mto, gunia, kiatu,
akatua mlangoni, komeo likalia.
Saba kwa sita!
Hata wapasua mbao walipiga makofi.

Kisha bibi akatoka, mpira kaufunga kwenye aproni.
"Huu wenu?"
"Wetu, bibi."
"Umeingia sufuriani. Uji wangu wa ndizi uko ukutani."
"Tuwie radhi."
"Radhi haizuii mvua. Mpira huu hautoki
mpaka siku utakaposhindwa kuingia."

Waldemar, mweka hazina, akakunjua orodha.
Bibi ni wa arobaini na tatu, akasema.
Utaratibu ni utaratibu.
Mwamuzi akaitazama orodha, akalitazama wingu
lililokuwa likija kutoka baharini, jeusi, bila haraka,
akainua mikono yote miwili: muda umesimama.

Basi timu zote mbili zikabeba mabati.
Nikabeba ndoo.
Norvin kitini, misumari midomoni,
akitema mmoja mmoja kwenye kiganja cha Eklan,
Eklan akipanda ngazi, akishuka, akipanda,
leo yote mbio za mtu mwingine.

Bati la mwisho lilipokaa
Bibi Orfelina akarudi nyuma hatua nne,
akaurusha mpira juu kwa mkono wa kushoto.
Ukagonga, ukabingirika, ukadondoka matopeni.
"Ehee," akasema. "Sasa umebisha."

Hatukumaliza mchezo. Giza, halafu mvua.
Waldemar hajanisalimu hadi leo,
na Zelmira, wa kwanza kwenye orodha,
mwenye watoto watano chini ya turubai,
alinitazama usiku ule kwa jicho
ambalo sina pa kuliandika.

Hesabu ya getini: kordoba elfu tatu na themanini.
Misumari mia tisa na sita iliyobaki,
miwili imepinda.
Hiyo miwili niliilaza juu ya jiwe
nikaigonga taratibu mpaka ikanyooka,
asubuhi nikaipeleka kwa Zelmira
pamoja na ndoo.